Aliyelala Hapa

Swali la kwanza nimelikariri kama dua:
Nani alilala hapa
usiku wa kuamkia siku ya sensa?

Isevya, nyumba ya kona, geti la bati.
Mama Nyanzala anapepeta karanga uani,
anajibu bila kuinua macho:
Kulala tumelala watatu. Ila andika na Shija.
Yuko wapi? Dar, anauza viatu vya mtumba.
Unga huu ni wake, na ada ya huyu mdogo ni yake.
Mtu anayekulisha, utasemaje halali kwako?
Kishikwambi hakina nafasi ya unga.
Nikabonyeza watatu.
Akanitazama kama niliyemzika mwanawe.

Nyumba ya pili ina milango sita, wapangaji sita,
choo kimoja, luku moja, ugomvi mmoja wa luku.
Muha wa Kasulu na madumu yake ya mawese.
Fundi cherehani kutoka Nzega.
Bi Zaituni, Mmanyema, ambaye babu wa babu yake
aliingia mji huu na mzigo kichwani,
na mzigo haukuwa wake.
Kabila fomu haiulizi. Dini haiulizi.
Nami siulizi. Lakini ukumbini msumari mmoja
umebeba tasbihi na rozari,
na chini yake, nyuma ya ndoo,
kipo kibuyu ambacho hakuna anayekitaja
wala anayethubutu kukihamisha.

Mji hauishi kwenye kibao.
Unaisha pale bodaboda
anapoanza kukudai na nauli ya kurudia.

Ndevelwa.
Una ekari ngapi?
Nne, akasema Kapaya. Tatu tumbaku, moja mahindi.
Tumbaku yauzwa, mahindi yaliwa.
Na msitu?
Akaelekeza kidevu kwenye bani, kuta nyeusi kwa moshi,
magogo ya miyombo yamepangwa hadi dirishani.
Msitu unaliwa na hilo.
Kisha akanishika mkono, akanipeleka mzingani,
akagonga: ngo, ngo, kama mlango wa mtu aliyehama.
Nyuki wangu, karani.
Hao umewaandika wamelala wapi?

Kaya ya mwisho ilikuwa na turubai na wanawake wamekaa chini.
Nikageuza kishikwambi kifuani, nikavua kofia.
Mihambo, miaka sabini na mmoja,
amekata roho saa tisa ya usiku.
Na chumba cha pili, saa kumi na nusu,
mkwewe akajifungua mtoto wa kike.

Swali likanikwama kooni.
Utamuulizaje mtu *nani alilala hapa*
ilhali aliyelala bado amelala,
amefunikwa shuka?

Kule makaburini mtani wake, Lugwisha, Msukuma,
keshajitupa ndani ya shimo, hatoki mpaka alipwe:
Karani! Njoo huku na mashine yako!
Aliyelala hapa ni mimi!
Andika, kazi: mdai.
Huyo mwenzenu amekimbia na ng'ombe wangu!
Wafiwa wakacheka huku wanalia,
mtu akamtupia elfu mbili, akapanda juu, akajipangusa,
akashika jeneza mbele kuliko wote.

Mwongozo uko wazi. Usiku ukivuka saa sita,
aliyekuwa anapumua anahesabiwa,
aliyekuwa hajazaliwa hahesabiwi.
Nikajaza: Mihambo. Mkulima. Alilala hapa: ndiyo.
Mkwewe akaniuliza, mtoto ziwani:
Kwa hiyo babu yupo,
na huyu hajafika?
Ndivyo, dada.
Akamfunika mtoto masikio.

Jioni msimamizi alipiga simu.
Hesabu yako imefunga?
Imefunga, nikasema.
Sikumwambia kuhusu chaki.
Kwenye mlango wa Mihambo niliandika namba ya kaya
kama nilivyofundishwa,
na chini ya namba
kistari kimoja, kifupi,
ambacho hakimo kwenye mwongozo.